Paka Aliyewekwa Eda

Usiku ule Pilau alikuwa anamaliza siku ya tatu bila kula. Nililala sakafuni, mkeka nimeusogeza mpaka kwenye boksi lake, sikio langu limekaribia mbavu zake, nikihesabu pumzi. Ishirini na mbili kwa dakika. Nikarudia. Ishirini na nne. Daktari alikuwa amesema nisihangaike mpaka zivuke thelathini, lakini mimi nilihesabu tangu magharibi kama mtu anayevuta uradi. Sijui usingizi ulinikuta kwenye namba ngapi.

Kabla sijasimulia nilichokiona, niseme kwanza Pilau ni nani, na mimi ni nani.

Mimi ni mtu wa kuhama. Niliacha shule darasa la tano kwa sababu nilitaka kujua reli inaishia wapi. Inaishia Kigoma, ukingoni mwa ziwa. Nilipofika nilikaa juu ya jiwe nikatazama maji, na papo hapo nikataka kujua ng'ambo kuna nini. Huo ndio ugonjwa wangu mpaka leo. Nimechemsha chumvi Uvinza, nimewapikia ugali wachimba visima, nimepaka chokaa misikiti mitatu na kanisa moja, nimechunga mizinga ya nyuki ya mtu niliyemwona mara moja tu. Kila kazi niliikaa mpaka nikajua inakwendaje, kisha nyayo zikaniwasha.

Sasa nanoa visu, Morogoro. Nina baiskeli yenye jiwe la kunolea. Naisimamisha kwenye stendi, nakanyaga pedeli, jiwe linazunguka, na watu wananiletea visu, mapanga na mikasi. Kazi hii nina mwaka wa tatu nayo, katika mji ule ule, chumba kile kile. Wanaonijua wakisikia hucheka. Sababu ni Pilau.

Aliingia dirishani wakati wa masika, amelowa, mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo. Alipokauka nikaona rangi yake: kahawia ya pilau lililokolea, na vidoa vyeusi kama pilipili manga. Sikumkaribisha na sikumfukuza. Siku ya nne, natoa baiskeli uani, akarukia kikapu cha mbele akaketi juu ya gunia kama abiria mwenye tiketi. Tangu hapo tukawa tunazunguka wote. Wateja wakaacha kusema "mnoa visu huyo," wakawa wanasema "Pilau kafika."

Halafu akapata kidonda cha sikio, nikampeleka kwa daktari wa mifugo.

Kwenye foleni kulikuwa na mbuzi watatu, jogoo mmoja ndani ya tenga, na mimi na Pilau shingoni. Mzee mwenye jogoo akanigeukia.

"Huyo naye anaumwa nini?"

"Sikio, mzee."

"Sikio! Ungesema mkono wa kuibia ningekuelewa."

Daktari alikuwa binti mrefu mwenye mabuti ya mpira yaliyoganda samadi. Alilisafisha sikio, akalitia dawa, kisha, kwa mazoea tu, akaweka mpira wake wa kusikilizia kwenye kifua cha Pilau. Akausogeza kidogo. Akasikiliza tena.

"Baba," akasema, "moyo wa paka wako una mlio."

"Mlio gani?"

Akanivisha mpira masikioni. "Moyo wa kawaida unasikika dup-dup, dup-dup. Sasa sikiliza huu."

Nikasikiliza. *Dup-shuu. Dup-shuu.* Kama mtu anayefagia chumba cha pili.

"Damu inapita mahali ambapo mlango haufungi sawasawa," akasema. "Kuna paka wanaishi nao miaka mingi bila shida. Wengine unawaletea taabu baadaye. Kwa leo sioni dalili nyingine."

Mnanijua sasa. Nikauliza mlango huo uko upande gani, ulilegea lini, kwa nini hausikiki kwa nje, kama binadamu naye anao, na kama ng'ombe anao ukubwa wa mlango wake ni kiasi gani. Nje mzee wa jogoo akapaza sauti: "Jamani, jogoo wangu atakufa kwa uzee huku!"

Daktari akacheka, akanipa maagizo. Akilala, mhesabie pumzi kwa dakika moja. Zikizidi thelathini, au ukimwona anahema mdomo wazi, mlete mbio. Angalia asikimbizwe na mbwa. Mengine yote, mwache aishi kama paka.

Maneno yalikuwa mengi na yote niliyasikia. Lakini nilipofika nyumbani nilikuwa nimebeba moja tu: asikimbizwe.

Nikaona mbwa ni mdogo kuliko hatari yenyewe. Ukuta ni mbwa. Bati ni mbwa. Kikapu cha baiskeli, pamoja na mashimo ya barabara yetu, ni kundi zima la mbwa. Kama mlango wa moyo wake umelegea, kila hatua anayoruka inaulegeza zaidi. Nikatafuta ubao nikalipigilia dirisha. Mlango nikawa naufunga kwa kufuli nikitoka. Ile kamba yenye kizibo cha soda aliyokuwa akiifukuza jioni nikaitupa juu ya kabati. Nikamtandikia boksi kwa pamba ya mto wangu, chakula nikamwekea mdomoni kabisa ili asitembee.

Bi Tatu, mwenye nyumba wetu, ni mama wa makamo anayekaanga samaki wa kuuza uani, na ulimi wake ni mkali kuliko kisu chochote nilichowahi kumnolea. Siku ya tano alisimama mlangoni kwangu, mkono kiunoni.

"Musa, hilo paka umeliweka eda? Nani kafa?"

"Anaumwa moyo, Bi Tatu."

"Kumbe ana moyo? Mbona mwezi uliopita alimla changu wangu bila huruma?"

Nilicheka, lakini sikufungua dirisha.

Wiki ya kwanza Pilau alilia mlangoni. Wiki ya pili alikwaruza ubao. Kisha akanyamaza, na mimi, mjinga, nikaona amepata utulivu. Manyoya yakafifia. Akawa hanyanyuki nikiingia. Kisha akaacha kula. Nikamrudisha kwa daktari. Hakuwepo, alikuwa amekwenda vijijini kuchanja ng'ombe, angerudi baada ya siku mbili. Nikarudi naye nimemfunika kwa shuka.

Jioni ile nilifanya jambo ambalo naona haya kuliandika. Nilishusha mfuko wangu wa safari kutoka kwenye msumari. Najijua. Sijawahi kukaa mahali mpaka mwisho wa kitu. Kila kinachotaka kufa kinanikuta nimeshaondoka. Niliutia shati moja na brashi ya meno, nikajiambia kwamba asubuhi, kama Pilau hatatia kitu mdomoni, nitambeba nimweke mikononi mwa Bi Tatu, nipande gari la kwanza, lolote lile.

Kisha nikalala sakafuni, nikaanza kuhesabu.

Mwanzo nilisikia saa.

Sikio lililokuwa mbavuni mwa Pilau likaacha kusikia ufagio, likasikia *tik-tik-tik*, nyembamba, safi. Nikainua kichwa nione saa hiyo iko wapi. Ukuta wenye ubao haukuwepo. Palikuwa na ngazi tatu za saruji zilizolika katikati, nami nikazitambua kabla sijajiuliza. Zilikuwa ngazi za duka la vitambaa kule Tabora. Pembeni mwa ngazi kulikuwa na meza ndogo yenye kioo, na nyuma ya meza ameketi Fundi Habibu.

Fundi Habibu alikuwa fundi saa. Nilimfikia nikiwa na miaka ishirini na mbili, nikakaa naye miaka miwili, mirefu kuliko yote niliyowahi kumkalia mtu. Ndiye aliyenipa jina la Kwanini, kwa kuwa hakukuwa na gurudumu alilolishika nisiulize kwa nini lipo. Niliondoka Tabora alfajiri moja bila kumuaga, kwa sababu kuaga kunaniuma. Habari za msiba wake nilizikuta kwa mtu baki, stesheni, mwaka mzima baada ya mazishi.

Ndotoni nilijua kwamba amekufa. Naye alijua kwamba najua. Halikutuzuia jambo hilo. Nikavuta kigoda changu cha zamani nikaketi.

Amekunja mikono ya shati. Kioo chake cha jichoni kimebana pale pale, jicho la kulia, na mikono yake imejaa saa kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiishi. Saa aliyoitengeneza hakuiacha mezani hata siku moja. Aliivaa yeye mwenyewe siku tatu ndipo mwenye saa aje kuichukua. "Meza haitembei," alisema. Wapita njia walikuwa wakimtania: "Fundi, saa ngapi sasa?" Naye alitazama mkono mzima, kisha akauliza kwa utulivu, "Ya nani?"

Sasa saa zote zile zinalia kwa pamoja, kila moja na mwendo wake, na harufu ya samaki wa Bi Tatu inapita katikati ya Tabora kana kwamba uani kwetu ni ng'ambo ya barabara.

"Kwanini," ananiita.

"Naam, Fundi."

"Lete nilichokuachia."

Najua papo hapo anataka nini. Naingiza mkono kwenye mfuko wa safari, chini ya shati, chini ya brashi ya meno, vidole vinagusa bati baridi. Ni lile kopo la biskuti.

Kopo hilo nilikuwa nimelisahau miaka yote. Lazima nilieleze.

Palikuwa na mwanamke Tabora, Bi Aziza, aliyefiwa na mumewe. Siku chache baada ya mazishi alimtuma kaka yake kwa Fundi na saa ya marehemu. Mjane akiwa eda havai pambo. Miezi minne na siku kumi hawezi kuivaa, na saa yenyewe ilikuwa ya aina isiyotiwa ufunguo, inajijaza kwa mwendo wa mkono wa aliyeivaa. Ombi lake lilikuwa moja: isisimame. Mumewe aliivaa mpaka siku ya mwisho, na yeye alitaka atakapotoka eda aikute bado inakwenda, haijakatika tangu mkono ule. Fundi akaivaa. Akala nayo, akalala nayo, akasali nayo. Miezi mitatu na nusu. Kisha akaitwa msibani Nzega. Garimoshi halikuwa la kusubiri mtu, aliifungua saa mkononi akanipa, akasema neno moja: "Ivae."

Siku hiyo, mimi Kwanini, sikuuliza kwa nini.

Nilipoigeuza nikasikia kitu ndani yake. *Shuu*, kama mchanga unaomwagika. Saa nyingine hazikuwa na mlio ule. Nikajua kuna kitu kimelegea, na kwamba kila hatua nitakayopiga nayo itakilegeza zaidi. Itafia mkononi mwangu, nami nitamwambia nini mjane wa watu? Nikaifunga kwa pamba. Nikaitia kwenye kopo la biskuti. Nikalifungia kopo kwenye droo, na sikulifungua hata mara moja, ili nisiitikise.

Mlio ule ulikuwa ndio saa yenyewe ikijijaza. Bi Aziza alipotoka eda, aliikuta imesimama.

Sasa kopo liko mapajani mwangu, na ngazi za duka zimekuwa benchi la foleni kwa daktari wa mifugo. Mbuzi watatu wananitazama. Mzee wa jogoo ananitazama, na jogoo pia. Fundi amekaa mahali pa daktari, amevaa mabuti yake ya mpira, na hilo halinishangazi. Na mwishoni mwa foleni amesimama Bi Aziza. Ameoga. Amejifunga kanga mpya ya rangi ya machungwa, nywele zinang'aa mafuta, mkono wa kushoto ameunyoosha mbele yake, mtupu.

"Nimetoka eda," anasema. "Nimefuata changu."

Foleni yote inanipisha. Vidole vyangu havitaki kufungua, lakini kifuniko kinafunguka chenyewe. Ndani kuna pamba. Naifunua, na katikati ya pamba hakuna saa. Ni Pilau, mdogo kama kidole gumba, amejikunja, macho wazi. Mbavu zake hazipandi. Nakaza macho nihesabu. Nahesabu moja, na mbili haiji.

"Nilimtunza," nasema. Sauti yangu ni ya mtoto wa darasa la tano. "Sikumtikisa hata kidogo, Fundi. Ana mlio. Niliogopa."

Fundi Habibu hanigombezi. Hata siku ile ya kweli hakunigombeza. Anatoa kioo jichoni, anakiweka mezani, na kwa mara ya kwanza tangu nifike ananitazama kwa macho yote mawili.

"Nilikuambia uivae."

Basi, hayo tu. Kisha anachukua kibano chake kile cha ncha nyembamba kama miguu ya mbu, anamnyanyua Pilau kutoka kwenye pamba, anamlaza juu ya kifundo cha mkono wangu wa kushoto, mahali penye mshipa. Mkia wa Pilau unazunguka mkono wangu na kujifunga wenyewe.

"Tembea," anasema. "Mpaka sokoni na urudi."

Natazama chini, na chini ni reli. Taruma baada ya taruma, kokoto, jua la asubuhi. Ni ile reli ya utotoni mwangu, ila sasa haina mwisho ninaoutafuta. Napiga hatua moja. Hakuna kitu. Napiga ya pili, ya tatu. Bi Aziza yuko kando yangu, naye anatembea vile vile alivyotembea siku ile ya kweli Fundi alipomvisha saa akamwambia atembee nayo, pole pole, mkono ameushika kwa mkono mwingine, saa iliyosimama ikiwa imefungwa kwenye kifundo chake chembamba. Tunapita soko, tunapita Uvinza, tunapita nyuki na visima, na kila mahali nilipowahi kutoroka watu wako milangoni wananitazama napita bila kukimbia.

Kisha nasikia. *Shuu.*

Nasimama. Bi Aziza anasukuma mgongo wangu. "Usisimame! Tembea wewe!"

*Dup-shuu. Dup-shuu.* Mbavu zinapanda. Pilau anaongezeka uzito mkononi, anakuwa wa paundi, anakuwa wa kilo, makucha yanashika shati, na Bi Aziza anautazama mkono wake mwenyewe na kupiga kelele ambayo Tabora nzima iliisikia siku ile na sasa inaisikia tena:

"Inakwenda! Jamani inakwenda!"

Vigelegele. Mbuzi wanaruka. Pilau anaruka chini, anashika chuma cha reli na kukimbia juu yake, mkia umesimama wima kama bendera, na moyo wake unalia kwa nguvu mpaka reli inatetema, *dup-shuu, dup-shuu, dup-shuu*, ni garimoshi, ni garimoshi zima linatoka stesheni limejaa watu, nami nakimbia nyuma yake nikicheka, na sikumbuki lini nilikimbia kumfuata mtu badala ya kumkimbia.

Hapo nakumbuka swali. Swali lile ambalo sikuthubutu kumuuliza daktari, katika maswali yote yale. Nageuka. Fundi yuko mbali, mezani kwake, mdogo, lakini namwona wazi.

"Fundi! Amebakiza muda gani?"

Fundi Habibu anainua mikono yake miwili, imejaa saa mpaka kwenye kiwiko, kila moja inakwenda mwendo wake. Anazitazama zote, taratibu, kama aliyeulizwa na mpita njia. Kisha anaachia lile tabasamu lake la upande mmoja.

"Wa nani?"

Kicheko changu mwenyewe ndicho kilichoniamsha.

Kulikuwa kumekucha, ingawa chumbani kwangu usingejua. Mwanga uliingia kwenye ufa mmoja tu wa ubao. Pilau alikuwa pale pale kwenye pamba. Nikaweka sikio. *Dup-shuu.* Macho wazi, ananitazama mimi, na kwa mara ya kwanza nikaona alikuwa ananitazamaje: kama anayengoja.

Sikutafuta nyundo. Nilishika ubao kwa mikono miwili, nikaweka mguu ukutani, nikavuta. Msumari wa kwanza ulitoka kwa kilio, wa pili ukaja na kipande cha lipu. Jua likaingia chumbani kama maji. Nikafungua mlango, nikautegea jiwe dogo ili usijifunge. Kisha nikatoka uani, nikaisimamisha baiskeli kwenye stendi, nikakanyaga pedeli. Sikuwa na kisu. Nilichukua ule msumari nikauegesha kwenye jiwe, ukalia, cheche zikaruka.

Mlio ule Pilau anaujua kuliko jina lake.

Nikakanyaga. Nikatazama mlango. Nikakanyaga. Kikatokea kichwa. Kikatokea shingo na bega. Akasimama kizingitini, miguu inatetemeka kidogo, manyoya ya upande mmoja yamebandika pamba. Akakunja macho kwa jua. Nilitaka kumkimbilia nimbebe. Nikasema moyoni, *ivae*, nikaendelea kukanyaga.

Bi Tatu alikuwa amechuchumaa kando ya karai anaparua samaki. Akageuka, kisu juu.

"Alaa! Katoka eda! Haya, kamwogesheni, mumtafutie kanga mpya!"

Pilau akajinyoosha, mbele kwanza, kisha nyuma, mguu mmoja mmoja, kama mtu anayejaribu nguo zake za zamani kama bado zinamtosha. Akatembea. Akapita baiskeli bila kunisalimu. Akapita ndoo. Alipofika usawa wa karai akasimama, akanusa hewa kwa heshima kubwa, na kabla Bi Tatu hajamaliza sentensi nyingine, kibua mzima akatoka karaini. Ndoo, pipa, ukuta, bati. Alipanda vitu vyote hivyo kwa pumzi moja, samaki mdomoni, na bati likapiga ngoma juu ya vichwa vyetu.

"Mwizi! Musa, mwizi wako!"

"Mwache, Bi Tatu!"

"Nimwache nini, kibua wangu huyo!"

"Mwache ale! Ana siku ya nne hajala!"

Bi Tatu akasimama, kisu mkononi, magamba mpaka kwenye nyusi, akatazama juu. Pilau alikuwa amelala ukingoni mwa bati, kichwa cha kibua kati ya makucha, anakitafuna kwa sauti. Wapangaji wakatoka mmoja mmoja na miswaki mdomoni.

"Huyo," akasema Bi Tatu, "ndiye mgonjwa wa moyo?"

"Ndiye."

"Basi na mimi naomba huo ugonjwa."

Uani kukalipuka kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nililia kidogo pia, lakini nilikuwa nimewapa mgongo, na jua lilikuwa kali.

Daktari aliporudi nilimpeleka. Alisikiliza, akasema mlio uko pale pale, haujapungua, haujaongezeka. Nikamweleza habari ya ubao na pamba. Akauvua mpira masikioni, akasema tu, "Baba, nilisema mbwa." Bado namhesabia Pilau pumzi kila akilala, na mdomo wake nauangalia. Hilo sitaliacha, maana ni kazi niliyopewa. Lakini ule mfuko wangu wa safari umerudi msumarini, na safari hii nimeutia vitunguu.

Siku ile ile alipoiba kibua, alishuka mwenyewe kutoka kwenye bati, akajilamba mpaka akaridhika, kisha akarukia kikapu na kuketi juu ya gunia. Tukaondoka. Nilipita kwenye mashimo taratibu, yeye kichwa juu, na mtaani wakawa wanaitana: "Pilau huyo! Pilau katoka! Leteni visu!" Niliinoa mikasi ya fundi cherehani, nikanoa mapanga mawili, na kila jiwe lilipozunguka nilisikia mikono iliyojaa saa ikifanya kazi pamoja nami.

Karibu na kwa daktari tukakutana na mzee wa jogoo, jogoo wake amepona, amempakata kwapani kama gazeti. Akasimama, akamtazama Pilau, akanitazama mimi kwa huruma.

"Nilisikia moyo wake mbovu. Sasa bwana, kwani amebakiza muda gani?"

Nikatazama mikono yangu. Haikuwa na saa hata moja; kushoto palikuwa na alama tatu nyekundu za makucha.

"Wa nani, mzee?" nikamwuliza.

Akamtazama jogoo, akajitazama mwenyewe, kisha akaanza kucheka taratibu, bega kwa bega na jogoo wake, mpaka machozi yakamtoka. Pilau akapiga mwayo. Nikakanyaga pedeli, tukaenda zetu.